Wanafunzi wa sekondari na nidhamu: mwalimu wa zamu akienda zake, kinabaki nini?

Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata huku Nyanda za Juu Kusini, na shuleni nimebebeshwa kamati ya nidhamu. Nimechoka na vikao ambavyo mtu anasimama, anasema "maadili yameporomoka", watu wanatikisa vichwa, soda zinagawiwa, kikao kinafungwa. Naomba hapa tuzungumzie vitu tunavyoviona kwa macho.

Muhula uliopita tulifanya msako bweni la wavulana alfajiri kabla ya kengele. Tranka zote zikatolewa nje. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa na mche wa sabuni ya kufulia ambao mwenzangu aliushika akaona uzito hauendani na ukubwa wake. Kumbe ulikatwa katikati, ukachokonolewa ndani kwa kijiko mpaka simu ndogo ya kitochi ikaenea, ikafungwa nailoni, halafu vipande vikaloweshwa na kupapaswa mpaka ule mstari wa kukatia ukapotea. Kazi safi kabisa. Huyo kijana Fizikia anashika mkia. Kwenye tranka hiyohiyo kulikuwa na mikeka ya kubeti, iliyotiki huku, iliyochanika kule, yote kwa tarehe.

Nilimuuliza kosa lake ni lipi. Akafikiri, akanijibu kwa adabu zote: "Kosa langu ni kuiacha ndani siku ya msako, mwalimu."

Wenzangu walisema ni jeuri. Mimi sikuona jeuri. Nilimwona mtoto aliyejibu alichofundishwa. Tangu darasa la kwanza amejua kwamba baya ni lile lililoonwa na mwenye fimbo.

Kuna Mmarekani, Lawrence Kohlberg, ambaye miaka ya 1950 alikaa na wavulana wa Chicago akawapa visa vya kuwapa tabu. Kinachojulikana zaidi ni kile cha mwanamume ambaye mkewe anakufa kwa saratani, dawa anayo mfamasia mmoja tu, naye anaiuza kwa bei ambayo mume haiwezi. Aibe au asiibe? Kohlberg hakuhangaika sana na ndiyo au hapana, alisikiliza sababu. Mmoja anasema asiibe kwa kuwa atafungwa. Mwingine anasema asiibe, watu watamwonaje. Mwingine anasema sheria ni sheria. Na yupo anayesema aibe, kwa kuwa uhai wa mtu unazidi mali ya mtu. Akapanga ngazi tatu, kila ngazi ina hatua mbili, na hatua ya chini kabisa ni kuogopa adhabu.

Hoja yangu ni hii. Shule zetu nyingi zinampokea mtoto akiwa kwenye hatua hiyo ya chini, zinakaa naye miaka minne, zinamtoa akiwa palepale, na kwenye cheti cha kuondokea tunaandika tabia ni nzuri. Akifika mtaani ambako hakuna mwalimu wa zamu, tunashangaa.

Walimu, wazazi na nyie mliomaliza juzijuzi, semeni mnachokiona.

---

Kaa la Moto

Nimeshika siti ya mbele. Mwenye kashata apitishe.

---

Mzee wa Kaya

Mwalimu, hizo ni porojo za chuoni. Sisi tumesoma miaka ya themanini. Ukichelewa mstarini unakula zako fimbo, jioni unang'oa kisiki, na kesho unawahi. Leo ndio mainjinia na maafande wenu hao. Mtoto wa siku hizi ukimgusa, mama yake yuko ofisini kabla ya chai ya saa nne.

Mwaka 2019 kule Chunya, wanafunzi wa sekondari ya Kiwanja walituhumiwa kwa simu na kwa kuhusika na moto wa mabweni. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wakati ule, Albert Chalamila, akawachapa 14 mbele ya watu. Wanaharakati wakalia, Rais Magufuli akampongeza. Ndiyo lugha wanayoielewa hao. Wazungu wenyewe wa huyo Kohlberg wako wanapigana risasi madarasani, halafu ndio watufundishe kulea!

---

Chaki Nyeupe

Mzee wangu, shikamoo. Fimbo naijua, na kanuni yake ninayo mezani. Kanuni za adhabu ya viboko ni za mwaka 1979, zikarekebishwa baadaye: visizidi vinne, liwe kosa kubwa, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila tukio liingizwe kwenye daftari. Ulizia hilo daftari katika shule yoyote iliyo karibu nawe uone watu wanavyotazamana.

Mkuu wa mkoa hayumo kwenye kanuni hiyo hata kwa herufi ndogo. Kwa hiyo wale 14 walifundishwa mambo mawili asubuhi moja: kwamba kanuni zisivunjwe, na kwamba ukiwa na cheo unaweza kuzivunja ukapongezwa. Naogopa la pili ndilo lililowakaa.

---

Mzee wa Kaya

Umesoma, hongera. Mwanao ukimkuta na msokoto utamsomea ngazi na hatua?

---

Ukambani Daima

Wakubwa, niruhusuni niingilie, mimi niko upande wa huku Machakos, Kenya, na nimefunza shule za bweni kwa muda mrefu.

Mzee wa Kaya, huku kwetu bweni likichomwa lazima mwanasiasa asimame adai kiboko kirudishwe. Kilipigwa marufuku 2001. Sasa rudi nyuma uhesabu. St Kizito kule Meru, Julai 1991: wavulana walivamia bweni la wasichana waliokataa kuingia kwenye mgomo, wasichana 19 wakafa na wengine wengi wakabakwa. Nyeri High, 1999: viranja wanne walifungiwa chumbani mwao usiku wakachomwa kwa petroli. Miaka hiyo kiboko kilikuwa halali na kilifanya kazi kila siku ya Mungu, na katika shule nyingi viranja nao walikuwa na ruhusa ya kuadhibu wenzao. Waliofanya hayo hawakuwa watoto waliodekezwa.

Kyanguli ni hapa kwetu. Machi 2001, vijana 67 waliangamia bweni lilipochomwa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma. Kati ya malalamiko yaliyotajwa baadaye ni kwamba matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari huku kwetu, ya mwaka uliotangulia yalifutwa kwa udanganyifu. Yaani watu wazima na wanafunzi wanazoea kuiba mtihani, siku serikali inapokataa, hasira inashuka juu ya watoto waliolala.

Mwaka 2016 tena shule zaidi ya 100 zilipata moto, wakati Waziri wa Elimu, Matiang'i, amebana wizi wa mitihani, na nyingi ziliungua muhula wa pili, ule mrefu wenye mitihani ya majaribio. Waliokwenda kuwasikiliza wanafunzi walirudi na maelezo yanayofanana: tulilalamikia chakula, tukalalamikia mitihani, hakuna aliyegeuka, bweni likiungua, wakubwa wote wanakuja na magari na wanaketi nasi. Hiyo ni hesabu, na watoto waliipiga sawasawa.

Sisemi kwamba kuondoa kiboko kumetuokoa. Hakujatuokoa. Tuliondoa fimbo tukaacha pengo pale ilipokuwa, mwalimu akaambiwa "tumia ushauri nasaha" na hakuna aliyemfunza huo ushauri unafanywaje. Wengi walihamia kumfukuza mtoto arudi na mzazi, basi.

---

Mkwawa Mdogo

Naongeza kidogo tu. Sio kila bweni lililoungua lilichomwa. Idodi hapa Iringa, 2009, wasichana 12 walikufa na chanzo kilikuwa mshumaa. Tusije tukafanya kila moto ni utovu wa nidhamu, kuna moto mwingine ni wa kukosa umeme.

---

Dada wa Geto

Kaka zangu na baba zangu, mmeongea sana mabweni. Wengi wetu hatukuyaona hayo mabweni.

Nimemaliza kidato cha sita juzijuzi, lakini O-level nilisoma shule ya kata. Kutoka nyumbani hadi shule ni mwendo wa kutoka gizani ufike jua limewaka, hosteli hakuna. Kwa hiyo mzazi anakupangia chumba jirani na shule, ndiyo geto lenyewe. Sisi tulikuwa wasichana wanne, godoro mbili, jiko moja la mkaa. Jumapili jioni unatoka nyumbani na unga, maharage ya kupimia, mafuta kwenye kichupa cha soda, chumvi kwenye karatasi. Alhamisi unga umekwisha. Ijumaa ni pasi ndefu, na Ijumaa ndiyo siku ya majaribio ya Hesabu.

Hapo ndipo anapotokea wa bodaboda. Hana pembe kichwani. Ana chipsi kwenye mfuko wa rambo, na anakuuliza, "Mdogo wangu, umekula?" Wiki nzima hiyo hakuna mtu mzima mwingine aliyekuuliza swali hilo. Mwalimu alikuuliza kwa nini sketi imepauka.

Mwenzetu mmoja alipata mimba kidato cha tatu. Mstarini tukasomewa hotuba ndefu kwamba hana maadili na amelitia doa jina la shule. Yule wa bodaboda siku hiyohiyo alikuwa amepaki palepale karibu na geti akisubiri abiria, na walimu wawili walipanda kwake kwenda stendi. Kwa mwenzetu ilikuwa kabla ya Novemba 2021, serikali haijaruhusu waliojifungua warudi kwenye mfumo rasmi, kwa hiyo safari yake ya shule iliishia hapo. Sasa hivi anauza mitumba na ana akili kuliko mimi.

Mleta mada, unauliza kinabaki nini mwalimu akiondoka. Geto hakuna mwalimu kuanzia mwanzo. Una miaka kumi na minne, unajipangia chakula, unajifungia mlango usiku, unaamua nani umfungulie. Mkiniambia tabia mbaya, nawaomba kwanza mje mkague jiko.

---

Kaa la Moto

Kashata imenikwama.

---

Mnasihi

Hoja ya Dada wa Geto ilipaswa kuwa ndiyo mada. Mimi nafanya kazi ya unasihi kwa vijana, nina mambo ya kumwongezea mwalimu kuhusu Kohlberg wake, maana huyo mzee ana tundu. Yeye alipima mtu anavyoeleza. Kueleza na kutenda ni ndugu wasioishi nyumba moja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 huko Marekani, Hartshorne na May waliwapima wanafunzi zaidi ya 10,000 kwa kuwapa nafasi halisi za kudanganya: kwenye mtihani, kwenye michezo, kwenye pesa. Wakakuta mtoto mmoja anadanganya hapa na kule ni mwaminifu, kutegemea nafasi yenyewe, hatari ya kukamatwa na wenzake wanafanya nini. Kujua amri za dini kwa kichwa hakukuwatofautisha sana.

La pili ni rika. Mwaka 2005, Gardner na Steinberg walichukua watu 306 wa rika tatu, wakawachezesha mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao na wengine rafiki zao wakiwa pembeni. Watu wazima waliendesha vilevile, rafiki awepo asiwepo. Wale wa miaka 13 hadi 16, rafiki akiwa pembeni, walijirusha kwenye hatari mara nyingi zaidi kuliko wakiwa peke yao. Mtoto unayemhoji ofisini mkiwa wawili, akalia na kutubu, anatubu kweli. Ila siye yule atakayeruka ukuta usiku, huyo ni yeye pamoja na wenzake watatu.

Na tusiwachanganye. Wengi wanaosumbua sekondari wanasumbua kwa msimu, wakifika miaka ya ishirini wanatulia bila hata kushauriwa. Wapo wachache walioanza kuumiza wenzao tangu wakiwa wadogo sana, hao wana historia nyumbani, wanahitaji msaada wa mapema na wa muda mrefu. Shule inawapa wote dawa moja, kisha inashangaa dawa inamponya ambaye angepona mwenyewe.

Mzee wa Kaya, hao mainjinia wako ni hao wa msimu. Na wenzao waliochapwa vilevile, wakaacha shule darasa la nane, huwakuti kwenye simulizi kwa sababu hawako mezani na wewe.

---

Mzee wa Kaya

Darasa la nane kwetu halikuwepo, lilikuwa la saba. Mengine nimekusikia.

---

Mnasihi

Umenishika, mzee. La saba.

---

Bi Mkubwa wa Pangani

Asalaam aleikum wanangu.

Nasoma naona mnawataja Wamarekani tu, nasi tulikuwa na vyetu. Kwetu mwambao msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake. Somo si mama, na hapo ndipo palipo na faida. Mama unamwogopa, mama ana uchungu, mama atamwambia baba. Somo unamuuliza hata lile la aibu, anakujibu bila kuvimba, na ukiharibu yeye anaulizwa kwanza. Wavulana nao walikuwa na watu wao wa jandoni. Mtoto alikuwa na mtu mzima aliyepewa kazi moja tu, kumsikiliza na kumsema.

Leo niambieni mtoto wa kidato cha pili anamwendea nani? Nimeuliza mjukuu wangu, kanambia, "Bibi, mwalimu wa malezi ndiye mwalimu wa nidhamu." Mtu mmoja, ofisi moja, fimbo imeegemezwa mlangoni. Nani atakwenda kumwambia huyo kwamba kuna mtu anamvizia njiani?

Lakini msinipambie ukale mkaufanya pepo. Unyago huohuo umewatoa wasichana wadogo wakaolewa na ngozi bado laini, na chuoni kwa Qur'ani tulikuwa tukipigwa bakora za nyayo kwa kukosea irabu. Nachukua kilicho chema, kingine nakiacha kizikwe.

---

Mzazi wa Goba

Mimi nimlete mtu ambaye hamjamtaja: sisi wazazi.

Kundi letu la WhatsApp la wazazi wa kidato cha nne, shule siitaji, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa mtu aliweka ujumbe kwamba kuna "mchango wa majaribio". Kila mtu alielewa ni majaribio gani. Pesa ikakusanywa kwa siku mbili, wakati mchango wa dawati ulikaa miezi na haukutimia. Karatasi zikaletwa, watoto wakakesha nazo, zikawa za uongo. Basi kundi likawaka moto. Watu wametapeliwa, wanataka namba ya yule jamaa, wengine wanataka kwenda polisi! Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba tulikuwa tunanunua mtihani. Mimi nilijitoa siku ile ujumbe ulipoingia nikaambiwa najifanya mlokole.

Kila mwaka NECTA inafuta matokeo ya waliodanganya, na wapo hata wanaoandika matusi kwenye karatasi za majibu. Tunacheka hayo matusi mitandaoni. Mtoto aliyekesha na karatasi iliyonunuliwa na baba yake, mwalimu wa nidhamu amwambie nini kuhusu uaminifu?

---

Bakari wa Binafsi

Afadhali wewe ni kundi la wazazi. Nilifundisha shule ya binafsi ya bweni, mkoa nauhifadhi. Kijana mmoja, kichwa cha hatari, anategemewa kuleta Division One ya pointi saba, alikamatwa anauza bangi bwenini. Mwenye shule akasema suala hili lisubiri amalize mtihani. Muhula huohuo kijana mwingine wa alama za D alifukuzwa kwa kuruka ukuta kwenda kununua maandazi. Mabango ya ufaulu yalipotoka, yule wa kwanza picha yake ndiyo kubwa.

Wanafunzi walikuwa na jina la jambo hilo, walikuwa wanasema fulani "ana bima".

---

Kidato Kipya

Samahani wakubwa, si kuna somo jipya kwenye mtaala, Historia ya Tanzania na Maadili? Halitasaidia?

---

Kaa la Moto

Litasaidia. Nasubiri siku mtihani wa Maadili utakapovuja.

---

Chaki Nyeupe

Nimewasoma wote, nimechelewa kwa kuwa nilikuwa zamu.

Kidato Kipya, somo silipingi. Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 imelileta, na ni vizuri mtoto asome kwamba kulikuwa na watu walioishi kwa misimamo. Ila somo lina mtihani, na mtoto wetu ni hodari wa kumpa msahihishaji anachokitaka. Ataandika "uadilifu ni nguzo ya taifa" akapata A, na jibu la jirani yake kalidesa.

Niwaambie tulichojaribu, maana Ukambani Daima kasema walioachwa bila fimbo waliachwa na pengo.

Huyo Kohlberg baadaye alichoka kuhoji watu tu. Mwaka 1974 huko Cambridge, Massachusetts, alisaidia kuanzisha shule ndogo ndani ya sekondari ya umma ambamo mwalimu ana kura moja na mwanafunzi ana kura moja. Mwanafunzi mmoja akaibiwa dola tisa. Mkutano ukajadili, na hatimaye ukaamua kila mtu achangie senti kumi na tano alipwe, kwa sababu kama mtu anaweza kuibiwa hapa ndani basi ni aibu ya wote. Nilikisoma kisa hicho nikakiweka akiba.

Kwetu iliibiwa ndoo. Mnaojua bweni mnajua ndoo ni nini: ni bafu, ni dobi, ni kiti. Nikaitisha kidato cha pili chote, nikakaa nyuma, kiranja akaendesha. Hukumu ya kwanza ilitoka ndani ya dakika chache: atafutwe, achapwe viboko kumi mstarini, halafu achimbe shimo la taka. Kumi, wakati kanuni inasema vinne! Wengine wakataka mganga. Nilikaa kimya, na haikuwa rahisi. Kisha binti mmoja ambaye darasani hanyoshi mkono akauliza: "Tukishamchapa, huyu aliyeibiwa ataoga na nini?" Zogo likatulia kidogo. Wakabishana kuhusu kuchangia. Wavulana wakasema hawalipii mwizi, binti akasema hatumlipii mwizi, tunamlipia aliyeibiwa. Kura zikapigwa, mchango ukapita kwa kura chache, ndoo ikanunuliwa gulioni.

Msidhani baada ya hapo malaika walishuka. Wiki zilizofuata sabuni zikaibiwa, na mwizi wa ndoo mpaka leo hatumjui. Walimu wawili wameandika kwa mkuu wa shule kwamba nawapa watoto madaraka watakayokuja kuyatumia dhidi yetu. Lakini kimoja kimebadilika: wanakuja wenyewe kusema, na wanaomba kikao. Walileta suala la maharage yenye wadudu kabla halijawa mgomo. Mpishi hakufurahi.

Bi Mkubwa, lile la malezi na nidhamu kuwa ofisi moja limeniingia. Ni kweli, na kwetu mtu huyo ni mimi. Nimemwomba mkuu malezi apewe mwalimu wa Biolojia, mama mtu mzima ambaye wasichana wanamfuata hata bila cheo, na chumba chake kiwe mbali na ofisi ya walimu.

Dada wa Geto, nilipita mtaa wa nyuma ya shule Jumamosi. Sikuingia ndani ya vyumba, nilisimama na wenye nyumba. Wanafunzi wetu wanaopanga ni wengi kuliko orodha yetu inavyosema, na orodha hiyo ninayo mimi. Hosteli ya wasichana ilianza, msingi umemwagwa, kuta zimefika usawa wa linta, zikasimama. Elimu bila ada tangu 2016 imeleta watoto wengi, na hilo ni jema, lakini hakuna aliyewahi kutuambia watalala wapi. Kikao cha bodi ni mwisho wa mwezi. Ajenda ya nidhamu nimeiandika upya na kipengele cha kwanza ni linta.

---

Dada wa Geto

Mkimaliza hosteli wekeni na jiko. Bweni bila chakula ni geto kubwa tu.

---

Chaki Nyeupe

Limeandikwa. Chakula cha mchana kwa wote kiliwahi kufeli kwa michango ya wazazi. Safari hii tunapeleka hoja ya mahindi na maharage badala ya fedha, gunia linapokelewa na wazazi wenyewe na linapimwa hadharani.

---

Ukambani Daima

Na milango ya hilo bweni iwe miwili, ifunguke kwa nje. Madirisha msiweke nondo. Tafadhali.

---

Chaki Nyeupe

Nashukuru sana, mkubwa. Ramani iliyopo ina nondo. Nitaongea na fundi.

---

Mzee wa Kaya

Mimi kwenye viboko sijahama, na ndoo ya kuchangishana bado naiona ni kumlea mwizi. Lakini bati za hosteli hiyo, bando moja liandike kwangu. Nitumie namba ya akaunti ya shule, sio yako.